Kompyuta iliyokuwa ikizima saa nane mchana

Wapiga picha wa harusi hapa Tanga tunaujua Shaaban kuliko mwezi mwingine wowote. Kila familia inataka kumaliza shughuli yake kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Mwaka 2024 Ramadhani iliingia Machi, kwa hiyo Februari yote nilikuwa na kazi kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, na Jumatatu hadi Jumatano nilikaa kuchagua na kusahihisha picha. Ni Februari hiyohiyo kompyuta yangu ilipoanza kuzima.

Ninafanyia kazi chumbani kwangu Makorora, chini ya bati lisilo na dari. Kompyuta yenyewe ni mpakato wa mtumba, Intel Core i5 ya kizazi cha nane, RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta inaweka kila inachokifanyia kazi) GB 16, yaani vipande viwili vya GB 8 kila kimoja, na diski ya SSD ya GB 512. Niliilipia kidogokidogo kwa miezi mitano. Ndiyo duka langu, ndiyo stoo yangu. Nawaeleza haya yote ili muelewe kwa nini sikuweza kuiweka pembeni na kungoja.

Ilikuwa na saa zake. Alfajiri mpaka saa nne asubuhi ningeweza kupanga albamu nzima na isinionyeshe kasoro. Ikifika saa saba, bati likishashika joto, naanza kuhesabu. Saa nane au saa tisa lazima izime. Mara ya kwanza ilikuwa Alhamisi, saa nane na robo, nikihamisha picha za nikahi kutoka kwenye memori kadi. Skrini ikageuka bluu, kikatokea kile kiuso cha huzuni na maneno MEMORY_MANAGEMENT, kisha ikajiwasha upya yenyewe. Nikadhani ni uchovu wa mashine. Jumamosi ikaandika IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Jumapili PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Jumatatu SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION, mara mbili kwa mchana mmoja.

Nilikuwa naziandika nyuma ya daftari la oda za wateja, tarehe, saa, maneno ya kwenye skrini na kazi niliyokuwa naifanya. Nilianza kuandika kwa sababu fundi angeniuliza, wala sikujua kwamba orodha yenyewe ilikuwa imeshanipa nusu ya jibu. Programu moja ikiwa na kasoro, au draiva, yaani programu ndogo inayoendesha kifaa fulani, kwa kawaida inaangusha mashine kwa namna ileile kila mara, na jina lake linajirudia. Yangu ilikuwa na maneno mapya kila siku, na kila mara inamtaja mtu mwingine: leo draiva ya video, kesho ya mtandao, keshokutwa kiini cha Windows chenyewe. Ukiona lawama inazunguka nyumba nzima namna hiyo, angalia kitu wanachochangia wote. Na wote wanachangia RAM.

Mimi sikuangalia huko. Nilikwenda Ngamiani kwa fundi ninayemwamini, kijana mwenye adabu na mkono mzuri, akanisikiliza, akasema, "Dada, hii Windows imeshaoza. Tuipige upya."

Tukaipiga. Ikafika katikati ikagoma, ikisema faili limeharibika au halisomeki, namba 0x80070570. Fundi akasema flashi yake ndiyo mbovu, akaleta nyingine. Kosa lilelile, ila safari hii kwenye asilimia tofauti. Ilikuwa saa tisa mchana, kibanda chake kinapigwa na jua la magharibi. Akaiacha mpaka kesho yake. Saa mbili asubuhi akaiwasha, akachomeka flashi ileile ya kwanza, Windows ikaingia mpaka mwisho bila kukohoa. Tulifurahi wote wawili. Hakuna aliyejiuliza kwa nini flashi iliyokataa jana mchana imekubali leo asubuhi.

Siku ya pili yake, saa nane na dakika ishirini, bluu.

Basi tukalifuata joto. Kwa kweli kila dalili ilisema joto: inazima mchana, haizimi asubuhi, chumba ni cha bati. Fundi akaifungua, akatoa vumbi kwenye feni, akapaka paste mpya, ile dawa ya kupitisha joto, juu ya prosesa. Nilipopima nyumbani, prosesa iliyokuwa ikifika nyuzi 92 sasa ilikuwa haivuki 74. Nikaona tumemaliza. Ikazima siku hiyohiyo, prosesa ikiwa kwenye nyuzi 70, ambazo kwa prosesa si kitu. Mpaka hapo nilikuwa nimetoa shilingi 20,000 za Windows na 15,000 za feni na paste. Simlaumu fundi. Kazi aliyoifanya aliifanya vizuri, na paste ilikuwa imekauka kweli. Ila tulikuwa tunatibu kitu kilichokuwa jirani na ugonjwa.

Mdogo wangu wa kiume anasoma Mbeya. Nilipompigia akaniuliza maswali machache tu, halafu akasema, "Dada, usitoe hela tena. Pima RAM kwanza." Akanielekeza njia ya haraka: unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika mdsched, kompyuta inajiwasha upya na kujipima yenyewe. Nikafanya hivyo usiku, baada ya kula, kwa sababu mchana nilikuwa na kazi. Majibu: hakuna tatizo. Akaniambia kipimo hicho ni chepesi, nitumie Memtest86+, programu ya bure ambayo inawekwa kwenye flashi na kuwaka yenyewe kabla ya Windows, ili iweze kuipima karibu RAM yote bila kusumbuliwa. Nikaiacha ipime usiku wa manane, mzunguko mmoja. Alfajiri nikakuta neno PASS kwa herufi kubwa.

Nikaivua RAM kwenye orodha ya watuhumiwa. Hapo ndipo nilipopoteza wiki mbili.

Kilichonirudisha ni picha. Nilikuwa nikipitia harusi moja ya Chumbageni, picha 1,940, nikafika kwenye picha ya bibi harusi anaingia ukumbini na shangazi zake. Nusu ya juu safi kabisa: taa, mitandio, nyuso. Kuanzia mabegani kushuka chini, rangi imehama, kila kitu kimekuwa cha kijanikijani na kimesogea kushoto kama mtu aliyeikata picha na kuibandika vibaya. Nikafungua zinazofuata. Baada ya picha sitini hivi nikakuta nyingine. Kisha nyingine, ambayo haikufunguka kabisa.

Nililaumu memori kadi. Nikairudisha kadi kwenye kamera, nikaitafuta picha ile ya shangazi, nikaiangalia kwenye kioo cha kamera. Ilikuwa nzima. Nikaihamisha tena kwenye kompyuta, safari hii asubuhi. Nzima. Kwa hiyo picha ilitoka kwenye kamera ikiwa salama, ikafika kwenye diski ikiwa imeharibika, na kompyuta haikusema neno. Skrini ya bluu inatisha lakini inakwambia. Hili lilikuwa linafanyika kimya, kwa muda nisioujua, ndani ya kazi za watu.

Nilimpigia mdogo wangu usiku uleule, na sauti ilikuwa inanitetemeka. Akanipa kipimo kimoja ambacho tangu siku hiyo nakiamini kuliko vyote. Windows ina amri ya certutil inayosoma faili lote na kulitolea alama ya vidole, msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Faili lisipobadilika, alama haibadiliki, leo wala mwakani. Ikibadilika biti moja tu, yaani moja au sifuri mojawapo kati ya zinazoliunda, alama yote inakuwa nyingine. Nilikuwa na faili moja la zip la GB 22, harusi nzima iliyofungwa kwa ajili ya kutunzwa. Akasema nichague faili kubwa kupita RAM yenyewe, ili kompyuta ilazimike kulisoma upya kutoka kwenye diski kila mara. Nikaandika certutil -hashfile, jina la faili, na SHA256 mwishoni.

Asubuhi saa moja: alama tatu, zote sawa. Mchana saa tisa, faili lilelile ambalo hakuna aliyeligusa: alama ya kwanza sawa na ya asubuhi, ya pili tofauti, ya tatu tofauti na zote mbili.

Nilikaa nikiangalia ile misururu mitatu kwa muda. Diski haiwezi kubadilisha moyo mara mbili ndani ya dakika kumi na tano. Kitu kilichokuwa kinabadilika kilikuwa njiani, kati ya diski na macho yangu.

Niruhusuni nieleze kinachotokea humo, kwa sababu nilipokielewa ndipo mambo yote ya wiki zile yalipokaa mahali pake. RAM ya kompyuta zetu inatunza kila biti kama chaji ndogo sana ya umeme ndani ya kijisehemu kidogo mno. Kijisehemu hicho kinavuja. Vyote vinavuja, hata vya RAM mpya. Kwa hiyo mashine inapita kila mahali na kukijaza upya, na kanuni ya kawaida ni kwamba kila kijisehemu kipitiwe angalau mara moja katika kila milisekunde 64. Ni sawa na kujaza ndoo zilizotoboka: ukiwahi kuzirudia, hakuna atakayejua kuwa zinavuja. Joto likipanda, kuvuja kunaongezeka. Kijisehemu kizima kina nafasi ya kutosha, hakijali. Kilicho dhaifu, kilichokuwa kinaponea chupuchupu wakati wa baridi, mchana wa Februari kinakauka kabla ya zamu yake kufika. Biti iliyokuwa moja inasomwa sifuri.

Basi joto lilikuwa kweli ndilo linaloiangusha mashine, ila si kupitia prosesa. Fundi na mimi tulikuwa na neno sahihi na kiungo kibaya.

Na kwa nini si kila mchana, na si kwa kazi zote? Kwa sababu kijisehemu kibovu kiko mahali pamoja kati ya mabilioni. Ukiandika barua tu, RAM nyingi haiguswi. Ukifungua picha mia tatu za RAW, yaani picha ghafi za kamera zisizobanwa sana, inajaa, na kila kitu kinapita kila mahali. Kikikaa hapo kipande cha programu, mashine inazima. Kikikaa kipande cha picha, picha inaharibika na kazi inaendelea. Picha za JPEG ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu data yake imebanwa na kila kipande kinasomwa kwa kutegemea kilichotangulia. Biti moja ikigeuka, msomaji anapotea njia kuanzia hapo kwenda chini. Ndiyo maana nusu ya juu ya shangazi zake bibi harusi ilikuwa nzima.

Kuna kisa cha Ubelgiji ambacho mdogo wangu alinisimulia katika kunituliza, na kweli kilinituliza. Katika uchaguzi wa Mei 18, 2003, huko Schaerbeek, mjini Brussels, mgombea mmoja alipewa na kompyuta kura 4,096 za ziada. Iligundulika kwa sababu hesabu yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyowezekana. Programu ilipokaguliwa haikukutwa na kosa. Lakini 4,096 ni namba ya pekee: ni mbili ikijizidisha mara kumi na mbili, yaani thamani kamili ya biti moja, ile ya kumi na tatu. Biti moja iligeuka kutoka sifuri kwenda moja, na maelezo yaliyokubalika zaidi ni kwamba iligongwa na chembe ya mionzi kutoka angani. Hiyo ilikuwa ajali ya mara moja kwenye kumbukumbu isiyo na ugonjwa. Yangu ilikuwa RAM mgonjwa. Lakini matokeo ni ndugu.

Seva za mabenki na za kampuni kubwa zina RAM za ECC, ambazo kwa kila biti 64 za data zinabeba biti 8 za ziada za ulinzi, zinaweza kusahihisha biti moja iliyogeuka na kugundua zikigeuka mbili. Kompyuta mpakato za kawaida hazina kitu hicho. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google walichapisha hesabu za RAM za seva za Google, wakakuta zaidi ya asilimia 8 ya RAM hizo zilipata kosa ndani ya mwaka mmoja. Walikuta pia kwamba joto halikuwa na uzito mkubwa kwenye seva zao, na niliposoma hilo nilisita. Lakini seva zinakaa kwenye vyumba vinavyopulizwa baridi usiku na mchana. Yangu ilikaa chini ya bati la Makorora, na daftari langu la saa lilikuwa mbele yangu.

Kwa hiyo niliamua kuipima mahali inapougulia. Homa inayopanda jioni huipimi alfajiri. Nilichagua Jumatano isiyo na kazi. Tangu saa tano asubuhi niliitumia kwa nguvu, picha na video, feni ikilia, mpaka chini ikawa moto kwa kiganja. Saa saba na nusu nikachomeka flashi ya Memtest86+. Kwa atakayejaribu: hakikisha unapata toleo la 6 au la baada yake, lililoanza kutoka mwaka 2022, kwa sababu matoleo ya zamani hayaelewani na kompyuta za UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta. Kwenye mashine yangu ilinibidi kwanza nizime Secure Boot, ulinzi unaozuia programu isiyotambulika kuwaka, ndani ya BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows. Na kabla hujazima, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, hakikisha ufunguo wake wa dharura unao mkononi, maana Windows inaweza kuuomba ukirudi.

Dakika ya arobaini na moja, mstari mwekundu.

Sitasahau mstari ule. Unakuonyesha anwani ya mahali palipokosea, kilichotarajiwa na kilichokutwa. Kilichotarajiwa: ffffffffffffffff, herufi f kumi na sita. Kilichokutwa: fffffffffffffbff. Herufi f moja, ya tatu kutoka mwisho, imekuwa b. Kwa lugha ya mashine f ni 1111 na b ni 1011. Biti moja imedondoka. Baada ya hapo mistari ikaja mmoja baada ya mwingine, anwani zinakaribiana, na kila mmoja una b mahali palepale. Kipimo cha kumi, ambacho kinaijaza RAM yote kisha kinaiacha imekaa dakika kadhaa bila kuguswa kabla ya kuisoma, kilitoa mistari mingi kuliko vingine. Nililia kidogo, si kwa huzuni. Wiki tano nilikuwa nagombana na kitu nisichokiona, na sasa kilikuwa na anwani.

Swali lililobaki ni RAM ipi kati ya mbili, au ni sloti. Usijaribu kukisia kwa kutazama anwani, kwa sababu RAM zikiwa mbili mashine inazichanganya zifanye kazi pamoja, nusu huku nusu kule. Ni lazima uziachanishe. Nilizima kompyuta, nikachomoa chaja, nikailaza betri ya ndani kwa kile kipengele kilichomo kwenye BIOS, nikagusa bomba la dirisha ili umeme wa mwilini uniishe, nikafungua kifuniko cha chini. RAM zimeshikwa na vibano viwili vya chuma, kila upande kimoja. Ukivitanua kwa vidole, RAM inainuka yenyewe kwa mshazari, na kurudisha ni hivyohivyo, unaiingiza kwa mshazari mpaka meno ya dhahabu yazame, kisha unailaza mpaka vibano vilie. Niliziandika A na B kwa kalamu ya kuandikia CD.

Kwanza kabisa nilisafisha meno yake kwa raba ya penseli na kuyapangusa kwa spiriti ya duka la dawa. Mafundi wetu wanapenda dawa hii, na mji wa pwani kama huu, wenye chumvi hewani, mara nyingi inaponya kweli, kwa sababu tatizo huwa ni kutu ya kwenye meno tu. Nikazirudisha zote mbili, nikapima mchana. Nyekundu. Basi haikuwa meno.

Siku nne mfululizo, mchana kwa mchana: A peke yake sloti ya kwanza, makosa. A sloti ya pili, makosa yaleyale. B sloti ya kwanza, mizunguko mitatu safi. B sloti ya pili, mitatu safi. Kosa lilikuwa linamfuata A kila alikokwenda. Lingebaki kwenye sloti hata nikibadilisha RAM, ningekuwa na habari mbaya zaidi, kwa sababu sloti imeungwa kwenye madabodi, ubao mkuu wa kompyuta. Na kuna mashine ambazo RAM yake yote au nusu imechomelewa kabisa, hakuna cha kuchomoa. Mtu anayenunua mtumba aulize hilo kabla ya bei.

Nilifanya kazi na GB 8 za B kwa siku sita. Ilikuwa polepole, lakini haikuzima hata mara moja, saa nane ilipita na saa tisa ikapita, na ile zip ya GB 22 ikatoa alama moja asubuhi, mchana na jioni.

RAM mpya niliiagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi, shilingi 60,000 pamoja na nauli ya mzigo. Ukiagiza, msomee muuzaji maandishi ya kwenye ile uliyoitoa. Yangu iliandikwa PC4-2400T, maana yake DDR4 ya kasi ya 2400. Ya DDR3 ina meno 204 na ya DDR4 ina 260, na pengo la katikati halifanani, haiingii hata ukisukuma. Muuzaji nilimwambia mapema kwa simu kwamba nitaipima mchana mmoja kamili na ikitoa mstari mwekundu nairudisha kwa basi lilelile. Akakubali. Wengi wanakubali ukisema kabla hujalipa. Ilipita.

Zikabaki picha. Nilizifungua zote 1,940 za harusi ya Chumbageni moja moja, siku mbili, nikakuta 37 zimeharibika. Memori kadi ya nikahi na ya kuingia ukumbini ilikuwa bado haijafutwa, ikaniokolea 29, na za shangazi zimo. Nane zilikuwa kwenye kadi ya pili, ambayo nilishaifuta na kupigia kazi nyingine. Hizo hazikurudi. Tatu kati yake zilikuwa za keki na meza, ningeweza kuziacha kimya. Tano zilikuwa za watu.

Nilikwenda kwa mama wa bibi harusi mwenyewe, Ramadhani ilikuwa imeshaingia, nikafika baada ya futari. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," nikakaa, nikamweleza kila kitu, nikamwonyesha kwenye simu picha mojawapo iliyoharibika ili aone kwamba sikuzikosa kwa uzembe wa kutokupiga. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza ni nani huyo wa upande wa kulia asiyeonekana uso. Nikamwambia ni somo wa bibi harusi, anamfunga ushanga. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwanangu, umefanya vema kuja. Wengine wangeniambia hazikupigwa." Nilimrudishia shilingi 50,000 katika malipo yake, akazikataa, nikaziacha kwa mwanawe.

Nimebadilisha utaratibu. Sifuti memori kadi mpaka picha ziwe mahali pawili na alama za certutil za nakala zote zilingane na za kwenye kadi yenyewe. Inachukua kama nusu saa kwa harusi moja. Nimenunua kadi mbili zaidi ili nisilazimike kufuta kwa haraka.

Fundi wa Ngamiani nilimpelekea RAM ile A na flashi ya Memtest86+, nikamweleza habari ya mchana na usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, akaipima A pale pale kibandani, saa tisa, jua la magharibi likiwa limempiga mgongoni, akaona mistari kwa macho yake. Flashi ikabaki kwake. Wiki iliyopita alinipigia, nyuma yake kuna kelele za bodaboda, ameletewa mashine ya mwalimu mmoja ambayo imeshapigwa Windows mara tatu.

"Dada, nyekundu zimejaa skrini nzima. Nianze na ipi?"

Nikamwambia atoe yoyote moja, aandike A, apime tena mchana.